Mwongozo kamili: kusoma eksirei za Jua kutoka setilaiti ndogo hadi kupata jotoridi la mlipuko

Nimeletewa grafu ile ile mara nyingi mno. Mstari umelala chini kabisa kama uzi, upande wa kushoto kuna mwiba mmoja, basi. Anayeileta huwa amehangaika siku kadhaa na ameshaamini kwamba faili ni bovu au kwamba fizikia ya Jua si ya watu kama yeye.

Faili si bovu. Kosa ni kwamba karibu kila mmoja huanza na vipimo vya mwaka mzima, akavichora vyote kwa mkupuo, wakati alipaswa kuanza na dakika moja ya mlipuko mmoja. Dakika moja ukiielewa vizuri, mwaka mzima utakuja wenyewe.

Tutatumia MinXSS-1, setilaiti ya mchemraba iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani. Ina uzito wa takriban kilo 3.5, urefu wa sentimeta 34 na upana wa sentimeta 10 kila upande. Iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 16 Mei 2016, ikaungua angani Mei 2017. Vipimo vyake viko wazi kwa kila mtu, bila malipo.

## Vitu unavyohitaji

- Kompyuta mpakato ya kawaida. Huna ya kwako? Daftari la Python la mtandaoni linalofunguka kwenye kivinjari linatosha, hata kwa simu, ingawa kuandika msimbo kwa kidole kunachosha.
- Python 3, pamoja na maktaba tatu: numpy, scipy na matplotlib.
- Faili la vipimo vya MinXSS-1 la ngazi ya 1, kutoka tovuti ya mradi iliyo chini ya LASP, maabara ya fizikia ya anga ya chuo hicho.
- Vipimo vya eksirei vya GOES, setilaiti za Marekani za hali ya hewa, kwa siku hiyo hiyo, kutoka hifadhi ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na angahewa.
- Bando la kutosha. Faili la misheni nzima ni zito. Lipakue usiku bando likiwa nafuu, na usilifungue kabla halijamalizika kushuka.
- Daftari la karatasi. Kila namba ya kati iandike kwa mkono. Utaelewa sababu ukifika hatua ya 7.

Tengeneza folda moja ya kazi yote. Mimi ya kwangu niliiita "uhuru", kwa heshima ya setilaiti ya kwanza kabisa ya elimu ya nyota kwa eksirei, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina hilo la Kiswahili.

## Hatua ya 1: Chagua ngazi sahihi ya takwimu

Takwimu za setilaiti hutolewa kwa ngazi. Ngazi ya 0 ni ghafi: hesabu za kigunduzi kama zilivyoshuka kwa redio, zikichanganyika na joto la betri na hali ya mitambo. Ngazi ya 1 imeshasahihishwa na kugeuzwa kuwa kipimo cha kisayansi. Ngazi za juu zaidi ni wastani wa vipindi virefu.

Chukua ngazi ya 1. Wastani wa siku nzima hauufai mlipuko, kwa sababu mlipuko mwingi huisha ndani ya saa moja. Ukiusambaza kwenye saa 24 unafifia kama chumvi kidogo kwenye pipa la maji.

Onyo: pakua pia maelezo ya toleo hilo hilo la faili. Matoleo yanatofautiana majina ya safu, na ndiyo maana msimbo ulionakiliwa mahali pengine hukataa kufanya kazi.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kutaja kipimo cha namba zako bila kubahatisha. Kwa ngazi ya 1 ni fotoni (chembe za mwanga) kwa sekunde, kwa sentimeta mraba, kwa kila keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati). Andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

## Hatua ya 2: Fungua faili bila kubashiri majina

Faili nyingi za MinXSS ziko katika mfumo wa .sav, wa lugha ya IDL ambayo leseni yake ni ghali. Huihitaji. Scipy inausoma mfumo huo:

    import numpy as np
    import matplotlib.pyplot as plt
    from scipy.io import readsav
    data = readsav('faili_lako.sav')
    print(data.keys())

Usiandike jina lolote la safu kwa kumbukumbu au kwa kuiga. Liache faili likuambie lenyewe:

    kifurushi = data['jina_uliloliona'][0]
    print(kifurushi.dtype.names)

Ile [0] ndiyo inayowakwamisha wengi. IDL hufunga kila kitu ndani ya kifurushi chenye kitu kimoja tu, na usipotoa hicho cha kwanza utaendelea kugongana na ujumbe wa kosa usioeleweka. Endelea kushuka ngazi kwa ngazi, ukichapisha majina kila mara, hadi ufike kwenye kifurushi kinachotaja X123. Hicho ndicho kigunduzi chetu; kwenye msimbo nimekiita x123.

Hapo kuna mitego mitatu, nayo ni hii:

Kwanza, spektra (mwanga uliogawanywa kwa nishati) hazitakuja kama jedwali moja. Zitakuja kama rundo la orodha ndogondogo. Zibandike pamoja kwa np.stack.

Pili, namba za .sav zimepangwa baiti zake kinyume na kompyuta nyingi za leo. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye pandas, maktaba nyingine ya Python, itagoma. Ongeza .astype(float) na tatizo linaisha.

Tatu, tarehe zilizoandikwa kwa maneno huja na herufi b mbele. Zisafishe kwa .decode().

    mwanga = np.stack(x123['jina_la_safu']).astype(float)
    print(mwanga.shape)

Umefanikiwa ikiwa: shape inakuonyesha namba mbili, ya kwanza ikiwa idadi ya vipimo na ya pili 1024. Kigunduzi hugawa nishati katika vyumba 1024, kila kimoja kina upana wa takriban 0.03 keV. Ukiona namba moja tu, hujabandika.

## Hatua ya 3: Nyoosha saa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Grafu inatoka nzuri, ila ni ya wakati mwingine kabisa.

Faili linaweza kubeba wakati kwa namna kadhaa: tarehe ya kawaida, siku ya Julian, au sekunde za GPS. Iliyo salama kwako ni siku ya Julian, yaani hesabu ya siku mfululizo bila miezi wala miaka. Kumbuka kwamba huanza adhuhuri, si usiku wa manane, kwa hiyo mwanzo wa tarehe 23 Julai 2016, saa 00:00 UTC (saa ya kimataifa), ni 2457592.5. Hiyo nusu ya mwisho ina sababu yake, usiikate.

Onyo kubwa: siku ya Julian isomwe kwa usahihi kamili wa biti 64. Ukiiweka kwenye float32, yaani biti 32, namba kubwa kiasi hicho haiwezi kushika hatua ndogo kuliko 0.25, yaani robo siku. Mlipuko wako unaweza kuruka hadi saa tatu mbele au nyuma, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya. Mwanafunzi mmoja alitafuta mlipuko kwa wiki mbili kwa sababu hii tu.

Sekunde za GPS nazo zina lake: hazihesabu sekunde za nyongeza zinazoingizwa kwenye UTC. Mwaka 2016 saa ya GPS ilikuwa mbele ya UTC kwa sekunde 17. Kuanzia 1 Januari 2017 zikawa 18. Kigunduzi kinapima kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo sekunde 17 ni karibu vipimo viwili vizima.

Kisha geuza UTC kuwa saa yetu. Wengi huongeza 3 kupata saa za Afrika Mashariki, halafu huondoa 6 kupata saa ya Kiswahili, na katikati wanapotea. Njia ya mkato: toa 3 kwenye UTC, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Saa 05:16 UTC ni saa mbili na dakika kumi na sita asubuhi. Saa 09:00 UTC ni saa sita mchana. Ikitoka sifuri au hasi, ongeza 12; ikizidi 12, toa 12.

Umefanikiwa ikiwa: unachagua kipimo chochote katikati ya faili, unakigeuza kwa mkono kwenye daftari, na jibu linalingana na la kompyuta hadi dakika.

## Hatua ya 4: Chagua mlipuko, kisha hakikisha setilaiti ilikuwa inatazama

Siku nzuri ya kuanzia ni 23 Julai 2016. GOES ilirekodi milipuko kadhaa ya daraja M siku hiyo, ukiwemo wa M5.0 uliofikia kilele saa 02:11 UTC na wa M7.6 saa 05:16 UTC. Kwa siku ya Julian, vilele hivyo ni 2457592.591 na 2457592.719.

Madaraja yenyewe ni rahisi. Kila herufi ni mara kumi ya iliyotangulia: B huanzia wati 0.0000001 kwa mita mraba, C mara kumi ya hiyo, M mara kumi ya C, X mara kumi ya M. Namba inayofuata ni ya kuzidishia.

Sasa usikimbilie kuchora. MinXSS-1 ilizunguka chini, ikiumaliza mzunguko mmoja kwa karibu dakika 92, na sehemu kubwa ya mizunguko hiyo ilipita kivulini mwa Dunia kwa zaidi ya nusu saa. Ikiwa gizani hakuna Jua wala kipimo. GOES iko juu sana, takriban kilometa 35,800, nayo hulitazama Jua karibu muda wote. Mlipuko ulioonekana na GOES unaweza kuwa umempita huyu mdogo akiwa nyuma ya Dunia.

Kwa hiyo, tafuta mapengo (siku ni safu yako ya siku za Julian):

    pengo = np.diff(siku) * 1440
    print(np.where(pengo > 10))

Hiyo inakupa sehemu ambazo vipimo viliachana kwa zaidi ya dakika 10. Weka saa za vilele pembeni na utazame kama zimeangukia ndani ya pengo. Kama kilele kimeangukia gizani, tumia sehemu ya kushuka ya mlipuko, au chagua mlipuko mwingine. Usijaze pengo kwa kukadiria. Namba uliyoibuni kati ya mbili halisi si kipimo, na katika mlipuko ambamo mwanga hupanda mara mia ndani ya dakika chache, kukadiria ni kujidanganya.

Umefanikiwa ikiwa: una orodha ya vipimo visivyopungua vitano mfululizo ndani ya mlipuko, na vingine vitano vya kabla haujaanza. Hivi vya kabla vitahitajika.

## Hatua ya 5: Chora dakika moja tu

Chukua kipimo kimoja karibu na kilele; namba yake ndiyo i kwenye msimbo. Mhimili wa chini uwe safu ya nishati kwa keV, wa kusimama uwe mwanga, na lazima mhimili wa kusimama uwe wa logi, yaani kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia:

    plt.semilogy(nishati, mwanga[i])
    plt.xlim(0.8, 10)

Ile grafu ya uzi na mwiba niliyoitaja mwanzoni inatokana na kukosa neno hilo moja, semilogy. Kati ya 1 keV na 7 keV mwanga wa Jua hupungua kwa maelfu mengi. Kwenye mhimili wa kawaida, kilicho kidogo mara elfu kumi hakionekani kabisa, na hicho kidogo ndicho tunachokitafuta.

Kuanzia 0.8 keV pia kuna sababu. Mbele ya kigunduzi kuna dirisha jembamba la berili linalozuia mwanga wa kawaida usikipofushe. Dirisha hilo huzuia pia eksirei dhaifu, na chini ya 0.8 hivi masahihisho yanakuwa makubwa kuliko kipimo chenyewe. Sehemu hiyo iache.

Grafu iliyotoka vizuri ni mteremko mrefu wenye vinundu. Mteremko unatoka kwa elektroni zinazokatishwa mwendo zikipita karibu na viini vya atomu. Vinundu ni sahihi za elementi. Vitafute kwa utaratibu huu:

- Magnesi, karibu na 1.35 keV
- Silikoni, karibu na 1.85 keV
- Salfa, karibu na 2.45 keV
- Agoni, karibu na 3.1 keV
- Kalisi, karibu na 3.9 keV
- Chuma, karibu na 6.7 keV

Usitarajie mistari myembamba. Kigunduzi kina ukungu wake, na elementi zilizokaribiana huungana kuwa kinundu kimoja kipana.

Kinundu cha chuma nakisihi sana ukitazame kwa makini. Chuma cha kawaida, kama kile cha msumari, kikipigwa kwa eksirei hung'aa kwenye 6.4 keV. Hapa tunaona 6.7, kwa sababu kwenye mlipuko atomu ya chuma imenyang'anywa elektroni 24 kati ya 26 zake. Joto la kufanya hivyo ni la nyuzi milioni kumi na zaidi. Mara ya kwanza nilipokiona kinundu hicho kwenye skrini yangu, kikiwa kimepita kwenye tundu la milimita 0.18 ndani ya chombo unachoweza kukibeba kwapani, niliacha kazi nikakaa nakitazama tu.

Onyo: kama kinundu chako kikubwa cha chuma kiko 6.4, mizani yako ya nishati imehama. Rudi hatua ya 2, hakikisha hujatumia namba za vyumba badala ya safu ya nishati.

Umefanikiwa ikiwa: kinundu cha chuma kipo kwenye kilele na hakipo kabla ya mlipuko. Chora vyote viwili kwenye grafu moja. Jua likiwa tulivu, juu ya 3 keV hivi hubaki kelele tu, na hilo ni sawa.

## Hatua ya 6: Ondoa mwanga wa nyuma

Kigunduzi hakikutazama mlipuko peke yake. Kilikusanya mwanga wa Jua zima, pamoja na maeneo mengine moto ambayo hayahusiki. Chukua vile vipimo vitano vya kabla, tafuta wastani wake, toa kwenye kipimo cha kilele, chumba kwa chumba.

Baada ya kutoa, vyumba vingine vitakuwa hasi. Usivifute wala kuvigeuza sifuri, maana ukifuta hasi ukabakiza chanya unaongeza mwanga ambao haukuwepo. Viache kama vilivyo, ila usivitumie kwenye logi.

Angalia pia hesabu. Chumba chenye fotoni 100 kina wasiwasi wa takriban 10; chenye fotoni 4 kina wasiwasi wa 2, yaani nusu nzima. Ikiwa karibu na 6 keV fotoni ni chache, unganisha vipimo vya dakika mbili au tatu mfululizo.

## Hatua ya 7: Pata jotoridi kwa mteremko

Sasa tumefika tulipokuwa tunaelekea. Mteremko wa spektra hubeba joto la plazima, ile gesi ya moto ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni: ukiwa mkali, plazima ni poa, ukilala, plazima ni moto. Mwanga wa nishati hupungua kwa kanuni ya e⁻ᴱ⁄ᵏᵀ, ambapo E ni nishati ya fotoni na kT ndilo joto lenyewe likiandikwa kwa keV. KeV moja ni sawa na nyuzi milioni 11.6 za Kelvin.

7a. Chagua pointi mbili zisizo na vinundu. Kati ya 4.2 na 6.3 keV mteremko ni msafi kiasi. Mimi hutumia 4.5 na 6.0. Ukiiweka pointi ya kwanza kwenye 3.9, utakuwa unapima kalisi badala ya joto. Kwa kila pointi chukua wastani wa vyumba kama saba, usitegemee kimoja.

7b. Zidisha kwa nishati. Hili ndilo kosa la pili kwa wingi baada ya lile la logi, nami nililifanya kwa muda mrefu. Faili linakupa *idadi* ya fotoni, lakini kanuni inahusu *nishati* yake. Fotoni ya 6 keV imebeba zaidi ya ile ya 4.5. Kwa hiyo kila thamani izidishe kwa nishati ya pointi yake kwanza.

7c. Tumia kanuni:

kT = (E₂ − E₁) ÷ ln(N₁ ÷ N₂)

Tufanye mfano wa mazoezi. Tuseme kwenye 4.5 keV una fotoni 1000 na kwenye 6.0 keV una 160. Ukizidisha, N₁ ni 4500 na N₂ ni 960. Uwiano ni 4.69, na logi yake asilia ni 1.545. Tofauti ya nishati ni 1.5. Gawanya: kT ni 0.97 keV. Zidisha kwa 11.6 na unapata nyuzi milioni 11.3.

Sasa rudia bila 7b: uwiano 6.25, logi 1.833, kT 0.82, joto milioni 9.5. Grafu ile ile, namba zile zile, na karibu nyuzi milioni mbili zimepotea kwa kusahau kuzidisha mara moja. Ndiyo sababu nilisisitiza daftari: kosa hili halionekani kwenye skrini, linaonekana ukifuatisha namba kwa mkono.

7d. Pima kwa nyakati tofauti. Fanya hivyo hivyo kwa kipimo cha kupanda, cha kilele na cha kushuka. Mara nyingi joto hufika juu kabla ya mwanga kufika juu, kwa sababu plazima huchemka kwanza kisha ndiyo huongezeka wingi wake. Ukiliona hilo kwenye namba zako mwenyewe, umefanya kazi halisi ya sayansi ya Jua.

Umefanikiwa ikiwa: karibu na kilele cha mlipuko wa daraja M unapata kati ya nyuzi milioni 10 na 20 hivi, na joto linashuka taratibu baadaye. Ukipata milioni 2, ulisahau kuondoa mwanga wa nyuma au pointi zako ziko chini mno. Ukipata milioni 60, kuna kelele kwenye pointi ya 6 keV.

Njia hii ya pointi mbili inakupa joto moja la wastani. Ndani ya mlipuko kuna plazima za joto tofauti kwa pamoja, na programu kamili huoanisha spektra yote pamoja na vinundu vyake. Lakini sijawahi kumwona mtu akiitumia vizuri programu hiyo bila kupitia kwanza hesabu ya mkono.

## Hatua ya 8: Linganisha na GOES

Usiamini kazi yako mpaka chombo kingine kiiunge mkono. Njia ndefu ya GOES, yaani ya mawimbi marefu ya eksirei, hupima kati ya angstromu 1 na 8 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi). Kupata keV gawanya 12.4 kwa angstromu, kwa hiyo ni kati ya 1.55 na 12.4 keV, ambazo MinXSS nayo inazifikia.

Jumlisha ndani ya mipaka hiyo, bila kuondoa mwanga wa nyuma, maana GOES nayo haiuondoi:

    d = (nishati > 1.55) & (nishati < 12.4)
    wati = np.sum(mwanga[i][d] * nishati[d]) * upana * 1.602e-12

Upana ni wa chumba kimoja kwa keV. Ile 1.602e-12 inageuza keV kuwa jouli na sentimeta mraba kuwa mita mraba kwa pamoja. Jibu ni wati kwa mita mraba, tayari kulinganishwa.

Onyo ambalo limewachanganya hata wazoefu: kwa miaka mingi vipimo vya GOES vya kabla ya GOES-16 vilitolewa vikiwa vimezidishwa kwa 0.7 kwenye njia ndefu na 0.85 kwenye njia fupi, ili vilingane na setilaiti za zamani zaidi. NOAA imeshachakata upya takwimu za zamani na kuviondoa vizidishi hivyo. Kwa hiyo M5.0 ya orodha ya mwaka 2016 inakuwa karibu M7.1 kwenye takwimu mpya, na ile M7.6 inavuka hadi X1.1. Kabla ya kusema MinXSS inapishana na GOES, angalia umepakua toleo lipi.

Umefanikiwa ikiwa: namba mbili zinapishana kwa theluthi hivi au chini ya hapo. Kulingana kabisa hakutatokea, kwa sababu kila chombo kina namna yake ya kuitikia nishati tofauti.

Zikiachana sana, ukubwa wa tofauti unakuonyesha kosa lilipo. Mara elfu kumi: umesahau sentimeta na mita. Mara elfu moja: umechanganya eV na keV. Mara thelathini hivi: umesahau kuzidisha kwa upana wa chumba. Mara 1.4: ni kile kizidishi cha 0.7.

## Ukishamaliza mlipuko wa kwanza

Rudia na milipuko mingine miwili ya MinXSS-1, mmoja wa daraja C na mmoja wa M, bila kutazama mwongozo huu. Kwenye daraja C chuma kitakuwa hafifu au hakitaonekana, na itabidi uunganishe dakika nyingi zaidi.

Kisha nenda kwenye DAXSS, mrithi wake, aliyebebwa na setilaiti ndogo INSPIRESat-1 iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, tarehe 14 Februari 2022. Inatenganisha vinundu vizuri zaidi, na ilirushwa Jua likiwa linaelekea kilele cha mzunguko wa 25 wa milipuko yake, kwa hiyo milipuko ya kuchagua ni mingi. Hatua kuanzia ya 3 hadi ya 8 ni zile zile. Kinachobadilika ni majina ya safu, na hayo umeshajua namna ya kuliuliza faili lenyewe.

Ukikwama, nitumie vitu vitatu kwa pamoja: grafu ya hatua ya 5, namba zako za 7a hadi 7c ulizoandika kwa mkono, na toleo la faili ulilopakua. Kwa hivyo vitatu naweza kukuonyesha kosa lilipo siku hiyo hiyo.